Ukuta wa Mbao Hauzibwi: Dhana Potofu Kuhusu Nyumba za Mbao za Kupandana

Wateja wanaotaka nyumba ya familia yenye kuta za mbao za kupandana hunijia na picha kwenye simu, na karibu kila mmoja humalizia kwa agizo lile lile: "Fundi, ziba kila mwanya, maji yasipate pa kupita." Nimelisikia Fumba, nimelisikia Bububu, nimelisikia Chake Chake, na sasa nimeona bora nilijibu kwa maandishi.

Dhana kwamba ukuta wa mbao huhifadhika kwa kuzibwa ndiyo inayouozesha. Mbao za nje hazibebi nyumba, kwani hiyo ni kazi ya fremu iliyo nyuma yake. Zenyewe zimewekwa ili ziipokee mvua na kuiteremsha. Kila ubao huulalia wa chini yake kwa sentimita 3 hivi, na nyuma ya mbao hizo hubakishwa nafasi ya sentimita 2, inayopatikana kwa kupigilia fito za wima juu ya fremu na kuachwa wazi chini na juu, ili maji machache yanayopenya yashuke na hewa iukaushe ubao kutoka mgongoni. Kupenya yatapenya tu, hasa masika upepo unapoipiga mvua ubavuni. Anayejaza silikoni kwenye kila mpandano hayazuii maji kuingia, kwa sababu yatapita kwenye matundu ya misumari na pembe za madirisha; anayazuia kutoka. Ukiubandua ubao wa namna hiyo baada ya misimu kadhaa ya mvua, utakuta uso wake ungali na rangi ya kupendeza ilhali mgongo ni mweusi na umelainika, hata bisibisi inazama bila kusukumwa, na uozo huo mara nyingi umeanzia kwenye ncha ambazo seremala alizikata akazipigilia bila kuzipaka rangi.

Ndugu wa dhana hiyo ni karatasi ya nailoni inayotandazwa upande wa ndani, nyuma ya mbao za jipsamu. Aliyeagiza hivyo huwa amenakili mchoro wa New England, Marekani, ambako nyumba hizi zimezoeleka tangu karne ya 17 na ambako wakati wa baridi mvuke hutoka ndani kwenye joto kuelekea nje. Kwetu Zanzibar safari hiyo ni kinyume: hewa ya nje imejaa unyevu, na chumba kinapopozwa kwa kiyoyozi mvuke hupenya kuelekea ndani, ukaigusa ile nailoni iliyopoa, ukageuka maji katikati ya ukuta. Itandikwe badala yake, upande wa nje wa fremu na nyuma ya fito, karatasi ya ujenzi inayozuia maji lakini inayoruhusu mvuke kupita.

Misumari nayo isipenye mbao mbili kwa pamoja. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, kwa hiyo ukishikwa juu na chini hupasuka. Msumari mmoja kwa kila ufito, juu kidogo ya ukingo wa juu wa ubao wa chini uliofunikwa, unatosha, na karibu na bahari uwe wa chuma cha pua.

Wasemao kwamba nyumba ya mbao haidumu waitazame nyumba ya Fairbanks, mjini Dedham, Massachusetts, ambayo fremu yake ya mbao imesimama tangu karibu mwaka 1640.

Wasemao kwamba ina joto wanaulaumu ukuta kwa kosa la paa. Mbao hazihifadhi joto kama tofali za saruji, hivyo jioni hupoa upesi. Kinachowachoma ni bati lisilo na dari wala matundu ya kupitisha hewa, pamoja na ile rangi nyeusi iliyoingia mtindo, ambayo hulivuta jua na kuzipinda mbao.

Wapo pia wanaodhani upenu ni pambo la hiari, kwa kuwa nyumba za kisasa kwenye picha zina paa lililokatwa sawasawa na ukuta. Hapa sibishani na mtu: sichori upenu ulio chini ya sentimita 90, na mteja akikubali namwongezea baraza upande unaopigwa zaidi na mvua.

Kuhusu mchwa, haitoshi kununua mbao zilizotiwa dawa kiwandani, kwa maana kila ncha inayokatwa kazini hufungua njia mpya na lazima ipakwe dawa tena. Mchwa wa ardhini hupanda kwa vijia vya udongo, kwa hiyo ubao wa chini kabisa uachwe angalau sentimita 20 juu ya ardhi, msingi uonekane wote na ukaguliwe mara kwa mara, na mwenye kupenda bustani asirundike udongo ukutani.