Falsafa ya Kiislamu, falsafa ya Kiarabu na teolojia si kitu kimoja

Wasomaji wengi huamini kwamba falsafa ya Kiislamu, falsafa ya Kiarabu na teolojia (elimu ya Mungu na imani) ni majina matatu ya jambo moja. Dhana hiyo inaeleweka, kwani hata neno letu "falsafa" lilitufikia kutoka Kigiriki kwa njia ya Kiarabu.

Hata hivyo, "falsafa ya Kiarabu" hutaja lugha, wala si dini: katika karne ya 10 Wakristo wa Baghdad walifundisha mantiki kwa Kiarabu, na katika karne ya 12 Myahudi mzaliwa wa Cordoba, mji wa Hispania, aliandika hoja zake kwa Kiarabu chenye herufi za Kiebrania. "Falsafa ya Kiislamu" hutaja ustaarabu mzima, pamoja na vitabu vya Kiajemi ambavyo jina "falsafa ya Kiarabu" lingeviacha nje.

Teolojia ya Kiislamu, iitwayo kwa Kiarabu ilmu al-kalam, nayo hutumia hoja (jambo linalosahauliwa mno), ila kazi yake ni kutetea itikadi. Kwa mfano, wanateolojia walisema kila chenye mwanzo kina msababishaji, na ulimwengu una mwanzo, basi nao una msababishaji, yaani Mungu. Baadhi ya wanafalsafa walishikilia kwamba ulimwengu humtegemea Mungu daima, ingawa hauna mwanzo katika wakati.

Anayetaka kuhakikisha afungue kitabu chenyewe au tafsiri yake, atazame kiliandikwa kwa lugha gani, kisha afuate hoja moja hadi chimbuko lake. Mara nyingine atakuta mipaka imeingiliana, hasa kuanzia karne ya 12, wanateolojia walipozidi kuingiza mantiki ya wanafalsafa katika vitabu vyao.