"Ukiitwa Kamati ya Nidhamu Umekwisha": Yanayosemwa Hosteli na Ukweli Wake

Barua ilipitishwa chini ya mlango Alhamisi jioni. Ukurasa mmoja, nembo ya chuo juu, sahihi ya Mshauri wa Wanafunzi chini, na katikati sentensi tatu: unatuhumiwa kuingia na karatasi isiyoruhusiwa kwenye chumba cha mtihani, leta maelezo yako kwa maandishi, fika mbele ya Kamati ya Nidhamu Jumatano saa nne asubuhi. Mwenzangu wa chumba aliisoma mara moja, akaichomeka ndani ya daftari. Jumamosi alfajiri alibeba begi lake la shangazi kaja hadi kituo cha basi. "Nikafanye nini huko? Nimeshafukuzwa," aliniambia.

Hakuwa amefukuzwa. Alikuwa ameitwa. Baadaye niliingia kwenye serikali ya wanafunzi, nikawasindikiza wengine wengi hadi kwenye mlango wa kamati ile, na karibu wote walikuja na maneno yaleyale ya vyumbani. Nayaandika hapa kwa sababu maneno hayo yanawaumiza watu.

Dhana: Ukikamatwa na kibomu, kesi imeisha.

Karatasi ya majibu inayoingizwa kwa siri kwenye mtihani sisi tunaiita kibomu, majirani zetu Kenya wanaiita mwakenya. Balaa ni lilelile, na hofu ni ileile. Lakini barua ya wito ni tuhuma tu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 13(6)(a), inasema haki na wajibu wa mtu vinapohitaji kuamuliwa na mahakama "au chombo kinginecho kinachohusika", mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na pia haki ya kukata rufani. Kamati ya Nidhamu ni chombo kinginecho. Yasome maneno hayo mawili taratibu, kwa sababu ndiyo yanayokuingiza wewe na karatasi yako ndani ya Katiba.

Kusikilizwa maana yake ujue unatuhumiwa kosa gani, chini ya kanuni gani, lilitendeka lini na wapi, na ushahidi ni upi. Barua isipoeleza hayo, andika uyaombe. Usipopewa muda wa kutosha kujiandaa, andika uuombe. Na siku ile ya mtihani, msimamizi anapokuletea fomu ya tukio, isome kabla ya kushika kalamu. Kusaini kwamba umeiona ni jambo moja, kusaini kwamba umekiri ni jambo jingine. Kama kuna nafasi ya maelezo yako, yaandike palepale.

Karatasi ya mwenzangu iliokotwa chini ya dawati lake. Asubuhi hiyohiyo kozi nyingine ilikuwa imefanya mtihani ndani ya chumba kile. Mwandiko haukuwa wake. Nilikuwa nikinakili madaftari yake tangu mwaka wa kwanza, ningeutambua gizani. Yote hayo alinieleza mimi, usiku, amekaa ukingoni mwa kitanda. Kamati hakuieleza. Jumatano ilikaa, kiti chake kikiwa kitupu, ikaamua kwa kilichokuwa mezani: fomu ya msimamizi, basi. Haki ya kusikilizwa haimlazimishi mtu kuja, na wito ukishakufikia, kanuni za vyuo vingi huruhusu kikao kuendelea bila wewe.

Dhana: Chuo kikishaamua, hakuna wa kukiuliza.

Imani hii haikutoka hewani. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere alisikiliza risala yao, kisha akawarudisha nyumbani mamia kwa mkupuo. (Siku hiyohiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.) Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata, lakini si kwa sababu kila mmoja aliitwa akaulizwa wewe ulifanya nini. Katiba ya wakati ule haikuwa na sehemu ya haki za binadamu. Iliingizwa mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuitumia Machi 1988. Baba au babu aliyekuambia "chuo hakishtakiwi" alisema kweli ya enzi zake.

Hata hivyo, kanuni yenyewe ni kongwe kuliko Katiba yetu, na tuliirithi pamoja na sheria ya Kiingereza. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua digrii msomi wake, Richard Bentley, bila kumsikiliza. Shauri lilifika Mahakama ya Mfalme, na mwaka 1723 ikaamuriwa arudishiwe digrii zake. Jaji Fortescue alikumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita ajitetee: Adamu, uko wapi? Je, umekula matunda ya mti niliokukataza? Mungu alijua Adamu yuko wapi na amekula nini. Aliuliza vilevile.

Mahakama Kuu yetu inaweza kuupitia uamuzi wa chuo, ila wengi huenda huko na matarajio yasiyo sahihi. Haikai kupima upya kama kibomu kilikuwa chako. Inaangalia kama aliyeamua alikuwa na mamlaka, kama ulisikilizwa, kama aliyekushtaki hakukaa pia kukuhukumu. Tena inategemea uwe umemaliza kwanza ngazi za rufaa za chuoni. Anayeruka ngazi hizo mara nyingi hurudishwa mlangoni.

Dhana: Polisi wameniachia, kwa hiyo chuo hakina la kunifanya.

Hizi ni njia mbili. Mtu akiiba kompyuta mpakato hosteli, Jamhuri inaweza kumshtaki kwa wizi na chuo kikamwita kwa kuvunja kanuni zake. Mahakama ya jinai inataka kosa lithibitishwe pasipo kuacha shaka yoyote ya maana, lakini kamati hutumia kipimo chepesi zaidi. Ndiyo maana kuachiwa huko hakukufuti huku moja kwa moja, na ndiyo maana maneno unayoyatamka mbele ya kamati yanahitaji uangalifu kama kuna jalada pia kituoni.

Na wale wanaosema mambo ya nje ya geti hayawahusu wakubwa wa chuo: kanuni nyingi humfuata mwanafunzi akiwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, akiwa safarini kwa jina la chuo, hata akiwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Picha ya siri ya mwenzako ukiisambaza, tarajia kuitwa hata kama ulikuwa kwenu likizo.

Kubebana nako, yaani kumlaza chumbani kwako asiyepangiwa humo, mtu huona ni huruma tu kwa mwenzake aliyekosa kitanda. Ni huruma kweli, nami nimebeba na nimebebwa. Lakini sheria za hosteli nyingi zinalihesabu ni kosa, na mwenye chumba ndiye hupoteza kitanda kwanza.

Dhana: Kudisko, kusimamishwa na kufukuzwa ni kitu kimoja.

Kudisko ni matokeo ya masomo: supu, yaani mitihani ya marudio, zimekushinda, au wastani umeshuka chini ya kiwango. Hakuna aliyekutuhumu tabia mbaya. Kusimamishwa ni kwa muda, na mara nyingine hufanyika kabla ya kesi, uchunguzi ukiendelea. Hiyo bado si adhabu. Kufukuzwa ni mwisho wa usajili wako. Kabla ya kufika huko kuna onyo, karipio, faini na kulipia ulichoharibu. Na deni la Bodi ya Mikopo halifutwi na lolote kati ya haya.

Dhana: Nidhamu ni ya wanafunzi peke yao.

Hapa naomba dada zangu wanisikilize. Mhadhiri anayetaka mwili wako ili akupe alama anatenda kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono. Huna sababu ya kuanza kwa kujitetea kuhusu mavazi. Hifadhi ujumbe, andika tarehe, mwambie mtu unayemwamini, peleka TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa.

Dhana: Ukikata rufaa wanakuongezea adhabu.

Hofu hii huzima rufaa nyingi kuliko sababu nyingine yoyote niliyoiona. Rufaa ni hatua iliyomo ndani ya kanuni zenyewe, na anayeikata hamtukani mtu. Angalia ni siku ngapi umepewa, na zinahesabiwa kuanzia lini. Andika sababu zako moja moja. Peleka masijala nakala mbili, yako ipigwe mhuri na tarehe.

Mwenzangu alirudi kwa basi na baba yake zikiwa zimebaki siku mbili za kukata rufaa. Tuliiandika rufaa kwa mkono hadi usiku wa manane. Walikubali kumsikiliza upya. Alipeleka madaftari manne na ratiba ya mitihani ya chumba kile, na mjumbe mmoja akamwomba aandike mistari mitatu ya hesabu palepale. Akaandika. Wakaiweka kando ya ile karatasi, wakaiangalia kwa muda mrefu. Muhula uliofuata alikuwa darasani.