Je, wajua kwa nini mitaro ya Gujo Hachiman ina samaki?

Mtaro wa mtaani kila mtu anaujua. Unapita mbele ya maduka, maji yake meusi, mfuko wa plastiki umekwama kwenye kona, na anayeuvuka huuvuka upesi huku ameziba pua. Sasa chukua mtaro mwembamba unaopita katikati ya nyumba za watu, ukuta huku na ukuta kule, na ndani yake samaki waitwao koi, wanene wa urefu wa mkono, wekundu, weupe na weusi, wametulia kwenye mkondo, vichwa vimeelekea kule maji yanakotoka. Pamoja nao wapo samaki wembamba wa jamii ya trauti, wale wanaotaka maji baridi na safi ili waishi. Ukiinama unaona kila kijiwe cha chini.

Mtaro huo upo Gujo Hachiman, mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Gifu, katikati ya Japani, mwendo wa takriban saa moja na nusu kwa basi kutoka jiji la Nagoya. Kijia kinachoufuata huitwa Igawa Komichi na kina urefu wa mita 119 tu. Mtu mwenye haraka hukimaliza kwa dakika mbili, na atakuwa hakuona kitu. Maana mji mzima umetandazwa mifereji ya namna hiyo: mingine mipana, mingine huivuki hata kwa hatua nzima, inapita mbele ya milango na chini ya madirisha, na sauti yake haikati usiku wala mchana.

Je, nani aliileta, na maji yanabakije safi katikati ya mji wa watu?

Chanzo ni moto. Mwaka 1652 mji huu uliungua vibaya. Ulikuwa mji wa ngome: mtawala juu ya kilima, raia wake chini, nyumba za mbao zimebanana bega kwa bega, milango ya karatasi, mapaa ya mbao nyembamba. Nyumba moja ikishika moto na upepo ukavuma kutoka bondeni, hakuna wa kuuzuia. Baada ya janga hilo mtawala wa wakati ule, Endo Tsunetomo, akaamua maji yafike mlangoni kwa kila mtu kabla moto haujafika. Yakachepushwa kutoka mitoni, juu zaidi ya mji, yakashushwa kwa mifereji mtaa kwa mtaa. Upande wa kaskazini maji yanatoka mto Kodara. Upande wa kusini yanatoka mto Yoshida, unaoukata mji katikati na kwenda kuingia katika mto mkubwa wa Nagara. Mteremko wa milima ndio pampu. Maji yanaingia juu, yanazunguka mitaani, yanarudi mtoni chini.

Mifereji haikuumaliza moto. Mwaka 1919 upande wa kaskazini uliteketea tena karibu wote, na nyumba unazoziona leo kule ni zile zilizojengwa upya baada ya hapo. Nenda mtaa wa mafundi, Shokunin-machi, au mtaa wa wahunzi, Kaji-machi, utaona walichojifunza. Nyumba zimefuatana mstari mmoja chini ya mapaa meusi, na kila moja imetokeza ukuta mfupi pembeni, chini ya paa, wa kuuzuia moto usirukie kwa jirani. Chini ya mapaa zimening'inizwa ndoo, na mfereji uko hapo hapo miguuni. Tangu mwaka 2012 eneo hilo linalindwa na serikali ya Japani kama mkusanyiko wa majengo ya jadi.

Lakini mfereji wa zimamoto hauna kazi kila siku, na maji yapitayo mlangoni bure ni vigumu kuyaacha yapite tu. Hapa ndipo mambo yanaponivutia mimi zaidi kuliko ngome na mapaa. Tazama kingo za mfereji mbele ya nyumba yoyote. Kuna mifuo miwili imechongwa, mmoja ukingo huu na mwingine ukingo wa pili, inatazamana. Mwenye nyumba ana kipande cha ubao chenye upana sawasawa na mfereji. Wajapani hukiita sekiita. Akihitaji maji anaushusha ubao ndani ya mifuo. Maji yanazuiwa, yanapanda, na baada ya muda mfupi kijito kilichokuwa hakizamishi kiganja kinatosha kuchota kwa ndoo. Wakati wa joto anachota na kumwagia barabara ipoe na vumbi litulie. Wakati wa baridi anasukumia humo theluji iliyoziba mlango, maji yanaiyeyusha na kuichukua. Akimaliza anainua ubao, na maji yanaendelea kwa jirani.

Fikiri akiusahau. Walio chini wanapungukiwa na maji, na wa juu yake yanamfurikia kizingitini. Ndiyo kusema ubao mmoja unagusa nyumba za mtaa mzima, na kila mwenye ubao anajua nani yuko juu yake na nani yuko chini yake.

Tuje sasa kwa samaki. Ukipita mitaani utakutana na visima vidogo vya mbao au vya mawe vilivyopangwa kama ngazi, kimoja chini ya kingine, maji ya mlimani yakiingia cha juu kwa bomba la mwanzi. Jina lake ni mizubune. Mizu ni maji. Fune ni neno la ajabu kidogo: ni merikebu, na pia ni kihifadhio kinachowekwa maji au kitu kingine ndani. Kwa Kiswahili hatuna haja ya kuhangaika kulitafsiri, kwa sababu nasi tuna chombo cha kusafiria baharini na chombo cha kutekea maji kwa neno lile lile. Mizubune ni chombo cha maji, basi.

Chombo cha juu kabisa ni cha maji ya kunywa na kupikia. Hapo huingizi mkono mchafu wala sufuria. Maji yakijaa yanamwagikia chombo cha pili, na hapo ndipo mboga huoshwa, au tikiti hulazwa lipoe. Yakitoka hapo yanaingia panapooshwa vyombo: bakuli lenye punje za wali, sufuria yenye ukoko. Makombo yanateremka na maji hadi kwenye kidimbwi cha mwisho, na hapo ndipo koi walipo. Wanakula wali, wanakula vipande vya mboga, na maji yanayoondoka kidimbwini kuelekea mferejini hayana tena chembe ya chakula. Samaki wale si pambo. Wako kazini.

Watu wa Lamu hawatashangaa. Katika nyumba za mawe za zamani kule, birika la maji ya kuogea liliwekwa visamaki wa kula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwa birika hujengewa bakuli la kauri ya Kichina ili maji yakipungua visamaki wabaki na mahali pa kukaa. Bahari mbili tofauti, watu hawakuonana, na kila upande ulimpa samaki kazi ya kusafisha maji ya nyumbani.

Samaki peke yao wasingeweza kazi hiyo kama kila kitu kingetupwa majini. Katika Japani ya zamani kinyesi cha binadamu kilikuwa mali: kilikusanywa na kupelekwa mashambani kama mbolea, wala hakikumwagwa mtoni. Kwa hiyo mto uliopita mjini ulipokea maji ya jikoni na ya kufulia, haukupokea ya chooni. Ongeza mteremko mkali usioyapa maji nafasi ya kutuama, na mvua na theluji nyingi ya milimani inayovilisha vijito mwaka mzima, ndipo unaelewa kwa nini maji hayachachi.

Pale Igawa Komichi utaona pia vibanda vya kufulia. Ni paa dogo, sakafu ya mawe inayoshuka hadi usawa wa maji, na nafasi ya watu wachache kupiga magoti bega kwa bega. Vibanda hivi vina wenyewe: nyumba za jirani zinazovitumia ndizo zinazovisafisha, kwa zamu. Wengi wana mashine ya kufulia nyumbani siku hizi, na maji ya bomba yalipoingia majumbani mizubune nyingi zilibaki bila kazi. Lakini bado kuna wanaoshuka na beseni la mboga au viatu vya watoto vilivyojaa tope, kwa kuwa maji yapo, ni baridi, na jirani naye yupo.

Utaratibu huo huo wa juu na chini umekaa hata kwenye chemchemi maarufu kuliko zote mjini, Sogisui, kando ya mto Kodara. Katika karne ya 15 mshairi Iio Sogi alikuja hapa kusoma mashairi ya kale kwa To Tsuneyori, mtawala wa Gujo aliyekuwa bingwa wa elimu hiyo, akaishi karibu na chemchemi. Inasimuliwa kwamba walipoagana walipeana mashairi papo hapo penye maji. Mwaka 1985 serikali ya Japani ilipotoa orodha yake ya maji 100 mashuhuri ya nchi, Sogisui ilikuwamo. Ukiifikia utakuta hekalu dogo la mbao juu ya chanzo, na chini yake maji yamegawanywa vyumba vya mawe: cha kunywa, cha kuoshea mchele, cha kuoshea mboga, kisha cha kuloweka. Mashairi juu, mchicha chini, na hakuna aliyeona aibu kuviweka pamoja.

Kama unataka kuuona mji ukiwa kimya, nenda siku ya kazi, asubuhi, nje ya majira ya ngoma. Panda kwanza ngomeni. Ngome ya kwanza ilijengwa mwaka 1559, na hii iliyopo ni ya mbao, ilijengwa upya mwaka 1933. Ukiwa juu, tazama mji ulivyojibana bondeni kati ya milima: wenyeji husema una umbo la samaki, na ukishaambiwa huwezi kuacha kumwona. Kisha shuka, tembea bila ramani, fuata sauti ya maji.

Majira ya ngoma ni habari nyingine. Kuanzia katikati ya Julai hadi mapema Septemba, kwa zaidi ya usiku 30, watu hucheza Gujo Odori barabarani, wakizunguka kibanda cha waimbaji na wapigaji. Tarehe 13 hadi 16 Agosti, siku za kuwakumbuka waliotangulia mbele ya haki, hucheza mpaka kunakucha. Mgeni hakai pembeni kutazama. Anaingia kwenye duara na kufuata mikono ya aliye mbele yake. Viatu ni geta, vya mbao, ambavyo mtu wa pwani ataviita mitalawanda bila kufikiri mara mbili, na mlio wa mamia ya mitalawanda ikipiga lami kwa pamoja ndio ngoma yenyewe. Mwaka 2022 UNESCO iliiandika Gujo Odori, pamoja na ngoma nyingine za jamii yake, katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Mchana wa majira hayo hayo watoto wa mji hujirusha kutoka daraja la Shinbashi, karibu mita 12, hadi kwenye kidimbwi cha mto Yoshida. Hawaanzi na daraja. Huanza na jiwe dogo, mwaka unaofuata jiwe kubwa zaidi, na wanakuwa wameujua mto, kina chake na mkondo wake, kabla ya kupanda juu. Mgeni ameandikiwa onyo pale pale, na onyo hilo litiiwe. Watu wazima wasioujua mto wameumia.

Ukitembea kando ya mifereji, usitupe kitu majini, hata ganda la chungwa. Sogisui, ukitaka kunywa, chota kwenye chumba cha juu, na mikono uinawe chini. Na ukiukuta ubao umesimama ndani ya mfereji, maji yamepanda na yanakaribia kumwagika barabarani, usiuguse. Mwenyewe ameingia ndani kuchukua ndoo.