“Ufadhili una wenyewe”: tunayoambiana Mtwara na Lindi, na mambo yalivyo

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi wa saba, nakaa na vijana kwenye steshenari moja hapa Masasi tukijaza maombi ya mikopo na ufadhili wa chuo. Nimewaona waliopata na waliokosa. Wengi wa waliokosa walikuwa na akili na walikuwa na uhitaji. Kilichowaangusha ni cheti, sahihi au tarehe, na nyuma yake kulikuwa na neno walilolisikia nyumbani au kijiweni wakaliamini.

“Ufadhili una wenyewe, sisi watu wa kusini hatupewi”

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana linamfanya mtoto asiombe kabisa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haiulizi mkoa wako. Inaangalia kama umepata nafasi ya chuo, umri wako, mwaka uliomaliza kidato cha sita, na zaidi ya yote uhitaji wako. Yatima, mwenye ulemavu au aliye na mzazi mwenye ulemavu, anayetoka kaya maskini inayosaidiwa na mfuko wa TASAF, aliyesomeshwa sekondari na mfadhili: wote hao wana nafasi yao kwenye fomu. Lakini kila hali inataka karatasi yake. Mtoto aliyefiwa na baba akiwa darasa la pili, kijiji kizima kinajua. Kama hana cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mfumo hautamtambua kuwa yatima.

Cheti cha kuzaliwa nacho kina mambo yake. Vijana wengi wa huku wana kadi ya kliniki tu. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano ulipofika Mtwara na Lindi, hawa wanaomaliza kidato cha sita sasa walikuwa wameshavuka umri huo. Kwa hiyo ni lazima kwenda ofisi ya msajili wilayani, kwa Mkuu wa Wilaya, kukiomba. Na ukishakipata, safari haijaisha. Kinapelekwa RITA kwa njia ya mtandao kihakikiwe, na Bodi inataka cheti kilichopita huko. Nimekutana na wazazi waliotunza cheti kwenye kabati miaka kumi na nane, wakashangaa kuambiwa kuna hatua nyingine.

Halafu jina. Shuleni ni Hamisi, kwenye cheti ni Khamis. Shuleni ni Zuhura, kwenye cheti ni Zuhra. Au jina la tatu shuleni ni la babu, kwenye cheti limeandikwa la ukoo. Sisi watu wa pwani tunaona ni mtu yuleyule, lakini kompyuta inaona watu wawili. Kulisawazisha jina kunataka hati ya kiapo ya jina kutoka kwa wakili, na isajiliwe. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa na ina gharama, haifanyiki siku tatu kabla dirisha la maombi halijafungwa. Walimu wenzangu wa shule za msingi, nawaomba sana: jina hupindia kwenye daftari la darasa la kwanza. Muulizeni mzazi cheti kabla kalamu haijagusa karatasi.

“Tusubiri matokeo kwanza”

Hesabu miezi. Mtihani ni Mei. Baada ya hapo wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, wengine hapa hapa Nachingwea, wengine mbali kabisa, na kambini hakuna nafasi ya kuhangaikia vyeti. Matokeo yanatoka Julai, dirisha la mkopo nalo liko wazi miezi hiyohiyo. Na Julai nyumbani kukoje? Korosho ziko mtini. Minada inaanza Oktoba, na malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yanakuja baada ya hapo. Ada ya maombi ya mkopo imekuwa shilingi 30,000, ongeza uhakiki wa vyeti, wakili, nauli ya kwenda wilayani na kurudi. Hiyo ni fedha ya kutengwa kwenye korosho za msimu uliopita, mtoto akiwa bado kidato cha tano au ndiyo anaanza cha sita. Ukingoja Julai utakopa, na anayekukopesha Julai anataka korosho zako Novemba kwa bei yake.

“Mkopo na ufadhili ni kitu kimoja”

Si kimoja. Mkopo unarudishwa. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyowatisha wazazi wengi, iliondolewa mwaka 2021, na faini ya asilimia 10 kwa waliochelewa ikaondoka nayo. Kwa hiyo mzazi anayemkataza mwanawe kukopa kwa sababu ya “riba inayozaa” anazungumzia mambo ya zamani. Fedha ya chakula na malazi, ile vijana wanayoiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku.

Ufadhili haurudishwi. Wa karibu zaidi na sisi ni Samia Skolashipu, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita na wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi au tiba. Unapitia Bodi ileile, na kufaulu peke yake hakutoshi, kwani ni lazima uingie kwenye mfumo uombe.

“Chuo cha kati hakina mkopo”

Hilo lilikuwa kweli kwa wengi zamani. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizotajwa kwenye mwongozo. Soma mwongozo wa mwaka unaoomba, maana orodha ya fani ndiyo inayoamua.

“Kwenda nje lazima uwe na wakala”

Hapa fedha nyingi za korosho zimepotelea. Anakuja mtu na suti, anakuambia ana nafasi za China au Marekani, anataka malipo ya “kushika nafasi”. Ufadhili wa serikali ya China unaombwa bure, na nafasi za nchi rafiki hutangazwa na Wizara ya Elimu kwenye tovuti yake. Malipo halali ya serikali yetu yanakwenda kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, hayaendi kwenye simu ya mtu. Na nywila ya akaunti yako ya maombi usimpe mtu, hata anayekusaidia kujaza. Kaa pembeni yake uiandike mwenyewe.

Kuhusu Marekani nataka kusema kidogo zaidi, maana vijana wananiuliza na wanaongopewa sana. Msaada wa serikali ya Marekani kwa wanafunzi ni wa raia wao na wachache walioruhusiwa kuishi huko, kwa hiyo anayekuuzia FAFSA, fomu ya kuombea msaada huo, anakuibia. Anayemsomesha mgeni kwa kawaida ni chuo chenyewe. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin wanapokea maombi ya mgeni bila kuangalia kama ana fedha, na wakimchukua wanajazia kiasi ambacho familia haiwezi kulipa. Kuingia ni kugumu mno, sitawadanganya. Lakini umaskini wako hautakuwa sababu ya kukukataa. Maombi hufungwa kati ya Novemba na Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba, na ada ya maombi unaweza kusamehewa ukieleza hali ya nyumbani. Utahitaji barua za walimu wanaokujua, na insha inayokuhusu wewe. Usiandike insha ya kuomba huruma. Kijana aliyesimamia hesabu za mizani ya baba yake kwenye AMCOS, akagundua kilo zinapungua, ana insha nzuri mkononi kuliko aliyenakili maneno makubwa.

“Fedha hizi ni za wenye daraja la kwanza tu”

Ufadhili wa ufaulu, ndiyo, unataka alama za juu sana. Mkopo unaangalia uhitaji. Usichanganye.

“Orodha imetoka, jina halimo, basi tena”

Bodi hutoa majina kwa awamu. Kukosa awamu ya kwanza mara nyingi kunatokana na kasoro ndogo: ukurasa wa serikali ya kijiji haukugongwa mhuri, sahihi ya mdhamini haipo, picha ya cheti imepigwa gizani haisomeki. Ingia kwenye akaunti yako kila siku chache, maana Bodi hufungua kipindi cha kurekebisha kasoro, na ujumbe wake unakaa humo humo ukikusubiri. Baada ya awamu kuisha kuna dirisha la rufaa. Hapo unaweza kueleza hali iliyobadilika, mfano mzazi amefariki au ameugua baada ya wewe kuomba, na unaambatanisha ushahidi. Mwenye asilimia ndogo ya mkopo naye anaweza kukata rufaa aongezewe. Hata kama umesharipoti chuoni na umeanza masomo, angalia tangazo la rufaa, na nakala za fomu zako zote ziwe kwenye begi, usiziache nyumbani Newala au Kilwa.