Kruzi kontroli inayojirekebisha haikupi ruhusa ya kupumzika

Kruzi kontroli ni mfumo wa gari kushika mwendo lenyewe. Ukiiwekea hii inayojirekebisha kilomita 100 kwa saa, gari linakwenda kwa mwendo huo barabara ikiwa nyeupe. Likilikuta gari la polepole linapunguza lenyewe na kulifuata kwa nafasi uliyochagua, na njia ikifunguka linaongeza tena. Rada iliyofichwa nyuma ya shoo au bampa ya mbele ndiyo inayopima umbali, mara nyingi ikisaidiana na kamera ya kwenye kioo.

Madereva wengi hutuuliza: "Kwani si litasimama lenyewe?" Inategemea na kilicho mbele. Mfumo huu ulibuniwa hasa kwa ajili ya kufuata magari yanayotembea. Mawimbi ya rada hugonga kila kitu, kuanzia vibao na nguzo hadi vyuma vya pembeni mwa barabara, na gari lingeshika breki kwa kila kibao safari isingefika. Kwa hiyo mifumo mingi hupuuza vitu vilivyosimama, au huchelewa kuvitambua.

Hatari kubwa iko hapo. Unalifuata lori kwa kilomita 100, mara lori linahamia njia ya pili, kumbe limekwepa gari lililoharibika katikati ya barabara. Kwa mfumo, njia imefunguka, na kama mlikuwa mmepunguza, mfumo huo unaweza hata kuongeza mwendo. Wewe unakula mita 28 kila sekunde. Asiyekuwa na mguu karibu na breki hapo amechelewa.

Breki ya dharura inayojishika yenyewe ni mfumo mwingine, nao una mipaka yake. Kwenye vipimo vya gari kujiendesha vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, vinavyoanzia 0 hadi 5, kruzi hii peke yake iko ngazi ya 1. Dereva bado ni wewe.

Kuhusu nafasi, wengi huchagua ile fupi kabisa ili wasichomekewe. Waache wachomeke. Sekunde mbili kwa kilomita 100 ni kama mita 56, na utazihitaji. Kwenye kona kali rada inaweza kulipoteza gari la mbele au kulishika la njia ya jirani. Pikipiki inayokwenda ukingoni mwa njia nayo inaweza isionekane. Mvua kubwa, utelezi, matope kwenye bampa: zima.

Zima pia kabla ya kuchepuka kutoka barabara kuu. Uliyekuwa ukimfuata akiendelea na safari yake, gari lako linaweza kukimbilia ile 100 huku kona ya kutokea ikikusubiri. Kitufe cha kurejesha mwendo nacho hurudisha mwendo wa mwanzo, hata kama sasa uko penye watu.

Na mguu usiulaze juu ya pedali ya mafuta. Kwenye magari mengi, ukiikanyaga hata kidogo kruzi inakuachia kazi, na haishiki breki mpaka uiachie hiyo pedali.