Umeombewa, sawa. Vidonge viko wapi?

"Virusi vya UKIMWI havionekani, mchungaji amethibitisha, nimepona." Kliniki za CTC, zinazohudumia wenye VVU, zimeichoka kauli hii. Kipimo cha wingi wa virusi huhesabu vilivyomo kwenye damu tu. Kusoma chini ya nakala 50 kwa mililita maana yake TLD, kidonge cha ARV chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, inafanya kazi. Vingine vimelala ndani ya seli za kinga ziitwazo CD4, kwenye tezi na utumbo, na ARV (dawa za VVU) huzuia virusi vinavyozaliana, vilivyolala haviguswi. Ukiacha dawa, kwa wengi vinarudi kwenye damu ndani ya wiki 2 hadi 4. Tabu ni kwamba husikii kitu. Unanenepa, unatoa ushuhuda, huku CD4 zinashuka, mpaka TB au homa ya uti wa mgongo ibishe hodi. Mwenye homa ya ini B yuko pabaya zaidi: tenofovir na lamivudine ndizo zinazomzuilia kirusi hicho pia, na akiziacha ghafla ini linaweza kuvimba vibaya.

"Mbona nimepima tena sina?" Kipimo cha haraka hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi yake, na aliyeanza dawa mapema zinaweza kupungua hadi kipimo kidanganye. Aliye kwenye dawa hapimwi hivyo.

Mwaka 2011 magari yalipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu, mchungaji mstaafu aliyedai inaponya UKIMWI, kwa shilingi 500, na wapo waliotupa ARV baada ya kunywa. Tulidhani hilo lingetosha kuwa fundisho.

Umeshaacha? Rudi, sema ukweli uliacha lini, hakuna atakayekufukuza. Ila kama kichwa kinauma mfululizo au unakohoa, usijianzishie vidonge vilivyobaki. Kwenye homa ya uti wa mgongo ya fangasi, ARV husubiri wiki 4 hadi 6 za matibabu kwanza. Ukiziwahi unaweza kufa.

"Nimefunga, siwezi kumeza dawa." TLD ni kidonge kimoja kwa siku, kwa chakula au bila chakula. Meza usiku, saa ileile. Angalia tu dawa ya kiungulia baada ya bajia za futari: yenye magnesiamu au aluminiamu hunasa dolutegravir, kwa hiyo meza TLD muda wa saa mbili kabla ya dawa hiyo, au muda wa saa sita baada yake.

Maji ya upako? Hayagombani na TLD. Yachemshe, umezee kidonge.