Biti za drili kwa kazi ya mbao: tazama ncha, achana na rangi

Anayeingia dukani kutafuta biti za drili hukutana kwanza na sanduku kubwa lenye vipande vingi, vyote vinang'aa rangi ya dhahabu, na bei yake inavutia. Tunawashauri wanafunzi wetu wa useremala walipite. Masanduku ya namna hiyo mara nyingi hujaa biti za aina moja tu, zile za msokoto wa kawaida, na biti hizo kwa asili ni zana ya kutobolea chuma. Mmarekani Steven Morse ndiye aliyepewa hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya biti ya msokoto mwaka 1863. Biti hiyo hutoboa mbao pia, ila huitoboa ovyo.

Chuma kina tabia moja kila upande unaoushambulia. Mbao ni nyuzi zilizolala pamoja upande mmoja. Biti ya chuma ina ncha pana, kwa kawaida ya digrii 118, na katikati ya ncha hiyo kuna ukingo mfupi butu ambao haukati, unakandamiza tu. Ndiyo maana biti hutangatanga juu ya ubao kabla haijashika, na tundu likaangukia pembeni ya alama uliyoipiga kwa penseli. Ikishaingia, makali yake huziinua nyuzi kabla hazijakatwa pembezoni, sawa na kung'oa nyasi pale ambapo zilitakiwa kufyekwa. Mdomo wa tundu unabaki na ndevu na vibanzi.

Biti iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao hufuata mpango mwingine. Katikati ina ncha kama sindano, na kila upande ina ukucha mkali uliochomoza. Sindano huingia kwanza na kuishikilia biti mahali pake. Kucha hufuata, zinakata nyuzi kwa duara. Mwisho kabisa ndipo makali ya ndani yanapoanza kunyanyua mbao ambayo tayari imekatwa pembeni. Mpangilio huo wa nani atangulie na nani afuate ndio ubora wenyewe, na unaweza kuukagua kwa macho ukiwa bado dukani.

Ishike biti usawa wa macho, mwanga ukiwa nyuma yake. Sindano iwe nyembamba na iwe katikati kabisa. Kucha zichomoze waziwazi kupita makali ya ndani, na zote mbili ziwe na urefu mmoja. Ukizigusa taratibu kwa kidole uhisi ukali. Makali mawili ya ndani nayo yawe sawa kwa urefu na kwa mwinamo, kwa sababu likizidi moja, ndilo litakalofanya kazi peke yake na tundu litatoka kubwa kuliko kipimo. Biti nyingi za bei ya chini zina sindano nene iliyofupishwa na vinundu viwili vidogo mahali pa kucha. Jina ni biti ya mbao, lakini makali na kucha vinagusa ubao kwa wakati mmoja, na matokeo hayatofautiani sana na ya biti ya chuma.

Kisha iviringishe juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ikicheza ncha, imepinda, irudishe. Tazama pia mifereji inayotoa maranda. Mifereji iliyosagwa vizuri huwa laini na yenye mng'ao, na maranda hupanda bila kukwama. Yenye mikwaruzo huyashikilia, maranda yanashindiliwa, joto linapanda, na muda si mrefu unasikia harufu ya mbao iliyoungua.

Kuhusu chuma chenyewe, alama ya HSS iliyogongwa shinani, yaani sehemu inayoshikwa na drili, inamaanisha feleji ya kasi, aina iliyopatikana kutokana na kazi ya Frederick Taylor na Maunsel White katika kiwanda cha Bethlehem, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Sifa yake kubwa ni kubaki ngumu hata kwenye joto la karibu digrii 600 za Selsiasi, ilhali feleji ya kawaida ya kaboni huanza kulegea baada ya kupita digrii 200 hivi. Kwa drili ya umeme, HSS inatosha kabisa. Biti zilizochanganywa kobalti, asilimia 5 au 8, zimekusudiwa metali ngumu. Kwa seremala ni gharama isiyo na faida. Na ile rangi ya dhahabu? Ikiwa ni ya kweli, ni utando wa naitraidi ya titani wenye unene wa mikromita chache tu. Husaidia kupunguza msuguano kwenye metali, kwenye mbao faida yake ni ndogo, na ukinoa biti mara ya kwanza utando wa kwenye makali umekwenda. Ikiwa si ya kweli, ni rangi tu.

Pahali ambapo gharama ya ziada inajilipa ni kwenye mbao za viwandani: plaiwudi, chipubodi, na zile za unga wa mbao ulioshindiliwa. Gundi iliyomo ndani yake hula makali haraka sana. Kwa anayetoboa mbao hizo kila siku, biti zenye makali ya kabaidi ya tangsteni zitadumu mara nyingi zaidi. Tahadhari yake ni kwamba kabaidi ni ngumu lakini haina ustahimilivu wa kugongwa. Ikianguka kwenye sakafu ya saruji, ukali unaweza kumeguka. Wala usiichanganye na biti ya ukuta, ambayo nayo ina kipande cha kabaidi nchani: ile imeundwa kusaga mawe, haikati nyuzi.

Kwa matundu makubwa yenye sakafu bapa, hakuna inayoshindana na biti ya Forstner, iliyopewa hataza mwaka 1874 kwa jina la mvumbuzi wake, Benjamin Forstner. Tofauti na nyingine, hii huongozwa na ukingo wake wa duara na haitegemei sana sindano ya katikati. Kwa hiyo inaweza kutoboa ukingoni mwa ubao, au tundu linaloingia ndani ya tundu lingine, bila kuteleza. Mafundi wa kabati wanaifahamu kwa kipenyo cha milimita 35, kinachohitajika kwa bawaba za kikombe, zile zinazozamishwa ndani ya mlango. Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalikagui: urefu wa sindano. Tundu la bawaba hiyo huwa na kina cha milimita 12 hadi 13, na mlango wa kabati mara nyingi una unene wa milimita 16. Sindano ikiwa ndefu itachomoza upande wa pili na kuharibu uso wa mlango. Chagua yenye sindano fupi. Na iendeshwe polepole. Kadiri kipenyo kinavyokua ndivyo kasi inavyotakiwa kushuka. Ukingo ukigeuka buluu au kahawia, umeshauchoma.

Biti bapa, ile yenye umbo la jembe, ni ya kazi ya haraka isiyoonekana, kama kupitisha nyaya ndani ya fremu. Isitazamiwe zaidi ya hapo. Ile ndefu ya msokoto mpana yenye skrubu nchani ni nzuri kwa matundu marefu kwenye magogo na boriti. Skrubu hujivuta yenyewe, kwa hiyo shika drili kwa mikono miwili, na usiitumie kwenye drili ya kusimama.

Badala ya sanduku la vipande mia, fundi anayeanza atafanya vyema kununua biti chache nzuri za mbao kuanzia milimita 3 hadi 10, kisha aongeze kadiri kazi inavyodai. Za milimita 6, 8 na 10 zipewe kipaumbele kwa sababu ndizo saizi za kawaida za vijiti vya kuungia. Usiamini namba iliyoandikwa shinani bila kujaribu: toboa kipande cha mabaki, ingiza kijiti. Kinatakiwa kuingia kwa kusukumwa na kidole gumba au kugongwa kidogo. Kikicheza, gundi haitaokoa kiungo hicho. Kwa matundu ya kutangulizia skrubu, chagua biti inayolingana na kiini cha skrubu bila kuhesabu meno yake. Kwenye mbao laini unaweza kupunguza kidogo.

Hata biti bora huchana upande wa kutokea usipokandamizwa ubao wa akiba chini ya mbao unayoitoboa. Funga kazi kwa klampu, vaa miwani, na vua glavu, kwa sababu kitambaa kikinaswa na biti inayozunguka huvuta mkono pamoja nacho. Vumbi nalo lisipuuzwe: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, hivyo barakoa ni sehemu ya zana.

Biti kali hutoa maranda yaliyojikunja. Ikianza kutoa unga, au ukajikuta unasukuma kwa nguvu, imefika wakati wa kunoa. Tumia tupa ndogo, pitisha mara chache kwenye makali ya ndani, na kucha zinolewe kwa upande wa ndani peke yake. Ukizinoa kwa nje unapunguza kipenyo: kucha zitakata duara dogo kuliko mwili wa biti, na biti itaanza kubana na kuunguza ndani ya tundu lake yenyewe. Iliyofikia hapo hairekebishiki.